Ukuta Uliokataa Kijani

Nyumba yetu ya Kismayo ina chumba kimoja ambacho watu wazima watano walikigombania kwa miezi kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyegombania kulala humo. Kilichogombewa ni rangi ya kuta zake.

Ni chumba cha upande wa uani, kilichojengwa na babu yangu kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta wake una unene wa dhiraa nzima. Dari ni ya boriti za mikoko, na kila mjenzi wa pwani anajua kwamba boriti ya mkoko haivuki mita tatu bila kupinda. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya mawe, kuanzia kwetu hadi Lamu na kuendelea, ni virefu na vyembamba. Chetu kina urefu wa mita sita, na upana haufiki mita tatu. Dirisha ni moja, dogo, linatazama magharibi. Binti yangu alikuwa ameposwa, na ndani ya chumba hicho ndimo angekaa siku saba za harusi yake. Baadaye kingekuwa cha mama yangu, iwapo angekubali kuhama Chula.

Nyumba hii tuliiacha mwaka 1991, vita vilipoingia mjini. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliondoka kwa jahazi pamoja na Wabajuni wengine, wa mjini na wa visiwani, wa Koyama, wa Chovai, wa Chula, tukateremka kusini hadi tukafika Mombasa, katika kambi ya Jomvu. Kambi ilipofungwa mwishoni mwa miaka ya 1990, mama alirudi Chula alikozaliwa. Mimi nilibaki Mombasa nikaoa, nikarudi Kismayo baada ya mji kubadilisha mikono mwaka 2012. Nyumba nilikuta inakaliwa na watu wengine. Wazee walikaa kitako mara nne kabla haijarudi kwetu, na nawashukuru mpaka leo.

Shauri la rangi lilianza usiku mmoja wa mwezi wa Machi, baada ya Isha, sinia imekwisha kuondolewa. Mke wangu alitaka krimu. Yeye amekulia Mombasa, na nyumba za kupanga za huko hupakwa krimu ili kila mpangaji airidhie. Binti yangu alitoa simu akatuonyesha chumba cha kijivu huko Dubai, kitanda cheupe, pazia mpaka chini. Dada yangu aliye Uingereza, aliyekuwa akitusikiliza kwa simu, alitaka manjano, kwa sababu miezi ya baridi anaamka gizani na kurudi nyumbani gizani. Shemeji yangu mvuvi alisema tutumie rangi ya chombo, maana imeshinda bahari, ukuta utaiweza wapi? Mimi nikasema kijani.

Nilikuwa na sababu. Nikiwa mtoto niliugua homa, nikalazwa katika chumba kile siku nyingi. Nakumbuka kuta zake zilikuwa kijani, kijani cha maji ya kina kifupi yaliyotandazwa juu ya mchanga, na kijani kile kilikuwa kikicheza. Kule Jomvu, chini ya turubai, kila nilipokosa usingizi nilifumba macho nikarudi ndani ya chumba kile nikalala. Niliwaeleza wenzangu habari hiyo kwa mara ya kwanza usiku ule. Wakanyamaza. Mwishowe mke wangu akasema, "Basi, Baba, kiwe kijani."

Dukani tulikwenda mimi na mke wangu. Mwenye duka ni Msomali, mtu mstaarabu. Kwake rangi ni *rinji*, na makopo yake hutoka nchi za Ghuba. Alinipa kadi yenye vijani vinane, kila kimoja kwa ukubwa wa kucha. Niliitoa kadi nje juani, nikairudisha ndani, nikaitoa tena. Mke wangu akaniambia, "Mchagua nazi hupata koroma." Nikachagua.

"Walaal," yaani ndugu, mwenye duka akauliza, "ukuta wako ni wa nini?"

Nilimjibu kwamba ni wa nyumba. Swali lile lilikuwa zuri, na nililipita. Akanipa hiari ya rangi ya maji au rangi ya mafuta. Nikachukua ya mafuta kwa kuwa inang'aa, inapanguswa kwa kitambaa, na masika yalikuwa yanabisha hodi. Makopo matatu ya lita nne.

Fundi alimaliza katikati ya Aprili, wingu limeshika. Jioni ile tuliingia na taa, na chumba kilikuwa kama ndani ya chupa. Kijani cha kucha moja kwenye kadi kilikuwa cha upole. Kikiwa kwenye kuta mbili ndefu zinazotazamana kwa karibu, ukuta huu unaurushia rangi ukuta ule, ule unairudisha, na kila zamu rangi inakolea. Binti yangu alisimama mbele ya kioo chake cha harusi. Uso wake, ambao ni wa maji ya kunde na hauna dosari, ulionekana kama wa mtu aliyetoka juzi kwenye malaria. Hakusema neno. Aligeuza kioo kikatazama ukuta, akatoka.

Nilimwambia mke wangu kwamba rangi itatulia. Kusi likavuma, mvua ikanyesha Mei yote, na bahari ikafunga.

Mwezi wa Juni nilikuwa nimeketi chumbani nikifanya hesabu za mahari na vyombo, nikasikia mlio mdogo nyuma yangu, kama mtu aliyepasua kungu kwa meno. Nilipogeuka nikaona ukuta umeota lengelenge. Lilikuwa na ukubwa wa yai, limekaa hatua moja juu ya sakafu. Nikaligusa kwa kidole, likabonyea. Nikalibonyeza zaidi, likapasuka, na maji yakachirizika mpaka chini. Niliyaonja. Yalikuwa ya chumvi. Nyuma ya ngozi ile ya rangi kulikuwa na unga mweupe, mwepesi kama pamba, ule ambao wazee huuita shura. Kufikia Agosti ukuta mzima wa magharibi ulikuwa malengelenge matupu, na kila asubuhi mke wangu alifagia magamba ya kijani sakafuni. Fundi tulimwita. Akakwangua, akaziba kwa saruji, akapaka tena. Baada ya wiki tatu yakaota pembeni mwa saruji, makubwa kuliko ya kwanza.

Oktoba, wakati wa tangambili, upepo wa kusi umelegea na wa kaskazi haujaanza, mama alifika kwa mashua kutoka Chula. Alipita ukumbini bila kukaa, akaingia chumbani moja kwa moja. Aliweka kiganja ukutani, akakiacha pale kwa muda mrefu. Kisha akaweka shavu, akanusa.

"Mwanangu," alisema, "nyumba ni mchu. Yavuta pumzi. Hii mumeiziba pua."

Kwa Kibajuni chetu mtu ni mchu na mti ni mchi, na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwa mama ndani ya nyumba ile, baada ya miaka yote, nililazimika kutazama pembeni. Lakini maneno yake yalikuwa elimu kamili. Jiwe la tumbawe lina vitundu kama sifongo. Hunyonya unyevu wa ardhini, nao ukipanda hubeba chumvi. Chokaa nayo ina vitundu, kwa hiyo unyevu hupita ukatoka hewani, na ukuta ukakauka wenyewe kila kaskazi. Rangi ya mafuta ni ngozi isiyopitisha kitu. Maji yakifika nyuma yake hukwama, chumvi huganda, huvimba, na husukuma ngozi mpaka ipasuke. Saruji ni ngumu kuliko jiwe lenyewe, nayo huyafukuza maji yakatafute njia ubavuni. Kosa halikuwa la fundi, wala la rangi. Rangi ile ingekaa miaka mingi juu ya mlango au juu ya tofali kavu la saruji. Kosa lilikuwa kwamba tulimuuliza kila mtu anataka nini, ukuta hatukuuuliza.

Tulikwangua siku tisa. Hapa nawaomba wasomaji wenye nyumba za zamani wanisikilize vizuri. Rangi za mafuta za miaka iliyopita, na baadhi ya zinazouzwa hata leo, zina risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara. Madhara makubwa huwafika watoto, kwenye akili zao. Basi watoto waliondoka wakalala kwa jirani. Tulilowesha ukuta kabla ya kukwangua na tukatumia msasa wa maji ili vumbi lisiruke, tukafunga pua na midomo, na magamba yote tukayatia magunia, hayakuchomwa wala kumwagwa uani.

Chini ya kijani changu kulikuwa na krimu ya watu waliokaa humo miaka ya vita. Chini ya krimu, mpaka kimo cha kiuno, kulikuwa na mkanda wa buluu hafifu. Mama aliutambua. Babu aliupaka Julai 1960, wiki ya uhuru, kwa rangi ya bendera ile ya buluu yenye nyota nyeupe iliyokuwa imepandishwa tangu mwaka 1954. Chini ya mkanda, na juu yake mpaka darini, ilikuwa chokaa juu ya chokaa, tabaka nyembamba zisizohesabika, nyeupe tupu.

Kijani hakikuwapo. Nilikwangua pembe zote nne. Nilikwangua nyuma ya mlango, ndani ya vidaka, chini ya dirisha. Nilipokwisha nilikaa sakafuni, mikono imejaa vumbi, nikamuuliza mama ni lini babu alikibandua kijani.

Mama alinitazama kwa huruma. "Hapakuwa na kijani, mwanangu. Palikuwa na mkungu."

Akanionyesha dirisha. Nje yake, pale ambapo sasa pana mapipa ya maji, ulikuwapo mkungu mkubwa. Kila alasiri jua lilishuka nyuma yake, likapenya kwenye majani yale mapana, likaingia dirishani, likatua juu ya chokaa nyeupe. Upepo ukitikisa matawi, kijani kikacheza ukutani. Ulikatwa wakati wa vita ukawa kuni. "Na mwezi majani yalipogeuka mekundu kabla ya kuanguka," mama alisema, "chumba kikawa chekundu. Hilo hulikumbuki kwa sababu homa ilikuwa imekwisha, ukawa hulali ndani mchana."

Nimeishi miaka mingi nikiibeba rangi ile, nikaja kuitafuta ndani ya kopo. Sikuwa nimekosea nilichokiona. Kilikuwapo kweli, lakini kilihitaji ukuta mweupe wa kukipokea.

Siku ile ubishi ulikwisha bila kura. Chumba kitapakwa chokaa. Mama aliagiza ichomwe Chula, ambako yamejaa mawe ya nyumba zilizoanguka, kwa hiyo hakuna haja ya kuvunja mwamba ulio hai baharini ambao samaki wanautegemea. Shemeji alikwenda kuisimamia kazi. Walipanga magogo duara, wakarundika mawe juu, wakawasha, moto ukala usiku kucha na siku iliyofuata. Jiwe lililoiva huwa jepesi, na likinyunyiziwa maji hulia, hufoka mvuke, hupasuka likawa unga. Mama alitoa amri moja: chokaa izimwe kisiwani, isipakiwe chomboni ikiwa mawe. Mawe yaliyochomwa ambayo hayajazimwa yakipata maji ya bahari ndani ya mashua huchemka, na vyombo vimewahi kuungua hivyo. Shemeji aliileta ikiwa uji mzito ndani ya madebe, imefunikwa maji, tukaimwaga shimoni uani na kuiacha ilale. Kadiri inavyolala ndivyo inavyolainika. Tuliiacha mpaka mwisho wa Desemba, na ukuta nao ukapata wiki zote hizo za upepo kuukausha.

Shemeji alitukumbusha jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yetu sote. Wabajuni ni watu wa vyombo, na chombo cha mbao hupakwa deheni tumboni, chokaa iliyopondwa na shahamu, ili maji yasiingie. Ikichanganywa na shahamu chokaa huzuia maji. Ikikorogwa kwa maji peke yake huyaruhusu yapite. Chombo kina haja ya la kwanza, nyumba ina haja ya la pili, na yeye aliyetaka tutumie rangi ya chombo ndiye aliyetueleza.

Koti la kwanza lilimtia mke wangu majonzi. Tulilowesha ukuta, tukatia konzi ya chumvi ndani ya debe, tukakoroga mpaka ikawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Ikipakwa, chokaa huwa haionekani. Ukuta ulibaki na madoa yake yote, umelowa tu. Mke wangu aliketi kwenye kizingiti, brashi mkononi, akasema miezi tisa imekwenda bure na harusi imebaki wiki mbili. Mama alimletea kahawa, akamwambia anywe pole pole na asitoke pale.

Baada ya Adhuhuri ukuta ulianza kubadilika. Ulianzia juu, karibu na boriti, weupe ukashuka polepole kama ukungu unavyoteremka juu ya maji alfajiri. Ukitulia, unaweza kuuona weupe ukitembea. Chokaa inapokauka huvuta hewa na kurudi kuwa jiwe, lile lile lililochomwa. Kufikia Alasiri madoa nusu yalikuwa yamezama. Mke wangu hakuwa amemaliza kahawa yake.

Tulipaka makoti matano, kila siku moja, yote mepesi. Ukipaka zito kwa haraka hupasuka na kukuachia unga begani.

Kisa cha mwisho kilikuwa cha nili. Binti yangu aliona weupe ni mkali kidogo, na mama akakubali koti la mwisho litiwe nili, ile ya kufulia kanzu, maana buluu kidogo huifanya nyeupe iwe safi zaidi machoni. Binti alimwaga unga ndani ya debe. Haukuonekana, akaongeza. Akaongeza tena. Akapaka ukuta wa magharibi nusu nzima, na vibonge ambavyo havikuyeyuka vikajikokota chini ya brashi, vikaacha mistari ya buluu iliyokolea, kama kikoi kilichotandazwa ukutani. Alilia kilio cha bibi harusi, kilio cha mambo mengi kwa pamoja. Mama alimkumbatia, kisha akachukua kitambaa, akaweka nili katikati, akafunga fundo, akakitumbukiza debeni na kukikamua, akakitumbukiza na kukikamua, kama alivyomfundisha kufua kanzu za Idd. Maji yakageuka sawasawa. Wakapaka wawili juu ya mistari ile, bibi chini, mjukuu juu ya kiti. Walipomaliza, mjukuu alikigeuza kioo chake kikatazama chumba.

Usiku wa harusi niliingia mara moja kumwombea dua. Weupe wa kuta ulikuwa umechukua rangi ya dhahabu ya taa na wekundu wa leso za kina mama waliojaa mle ndani. Uso wa binti yangu ulikuwa uso wake. Dada yangu, aliyesafiri kutoka Uingereza, alinyoosha kidole kimya kuelekea kwenye mwanga wa taa ukutani. Ile ndiyo manjano aliyoiomba.

Sasa mtu akiniuliza apake rangi gani, namuuliza maswali niliyopaswa kujiuliza. Ukuta wako ni wa nini? Unavuta maji kutoka wapi? Jua linaingia kwa dirisha gani, na nje ya dirisha hilo pana nini? Kisha namwambia apake kipande cha ukuta wenyewe, kipana kama mkeka wa kusalia, akitazame asubuhi, jua la utosi, Alasiri, na usiku kwa taa ile anayoitumia. Na amsimamishe mbele yake atakayeishi humo, autazame uso wake.

Wiki moja baada ya harusi tuliyasogeza mapipa ya maji, nikapanda mche wa mkungu. Mama alihamia kabisa, na kila siku humwagia mche huo maji ya udhu wake. Kaskazi hii umefika kwenye kizingiti cha dirisha. Juzi, karibu na Magharibi, alipiga kelele kuniita. Nilikimbia nikidhani ameanguka. Alikuwa amejilaza kitandani, kidole kimeelekea ukutani, akaniambia nitazame upesi kabla jua halijazama. Jani moja lilikuwa limefika usawa wa dirisha. Juu ya chokaa palikuwa na doa la kijani, kubwa kama kiganja, na lilikuwa likicheza.